Zamu Yetu ya Kutazama

Ukionekana Ukunda na kitabu mkononi, na shule ulimaliza zamani, utaulizwa swali moja: una mtihani? Vijana wa bodaboda wanaoegesha mbele ya duka langu waliniuliza hivyo hadi wakachoka, wakakata shauri kwamba nasomea uwakili kisirisiri. Muuza viazi karai wa jirani alinipa pole kwa kurudi shule ukubwani. Nikijibu kwamba nasoma basi tu, nafsi imependa, naona usoni mwao kuwa jibu halijatosha. Kusoma kwetu kuna kikomo kinachojulikana. Unasoma upate cheti, na ukishakipata umesamehewa. Ndiyo maana matokeo ya kidato cha nne huwa hayajatoka na tayari riwaya za fasihi zimeuzwa kwa wanafunzi wa chini, au zinafungia njugu.

Sijawahi kuwapa jibu kamili, kwa sababu jibu lenyewe ni refu na wateja hawangoji. Nitalijaribu hapa.

Nimezaliwa Msambweni, na pwani hii ya kusini, kuanzia Tiwi hadi Wasini, ni mahali panapotazamwa. Utotoni tulizoea kamera kuliko tulivyozoea kioo. Wageni walimpiga picha mvuvi akishusha ngalawa, wakapiga mibuyu ya msikiti wa Kongo pale mto Mwachema unapoingia baharini, wakapiga mbega juu ya miti ya hoteli. Kisha wakatugeukia sisi, watoto tunaotoka chuo cha Kurani, mitandio kichwani na juzuu zimekumbatiwa. Picha zile zilikwenda Hamburg na Milano, na hatukuziona tena. Kutazamwa namna hiyo hakuumi, ila kunamzoeza mtu. Unazoea kukaa tayari, kutabasamu, na kutojiuliza yule aliye nyuma ya kamera ni nani, kwao ana nini, na usiku akikosa usingizi anawaza lipi.

Baba alifanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Ramisi mpaka kilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanaume waliokitegemea wakatawanyika. Wengine walirudi kwenye uvuvi, wengine wakapanda matatu za Diani kwenda kuomba kazi hotelini. Baba akawa mtandika vitanda. Mikono iliyozoea miwa ikajifunza kukunja taulo ziwe ndege na maua, na kila mwaka mvua za masika zikianza, hoteli ikikosa watu, alirudishwa nyumbani akangoje aitwe.

Mgeni akiondoka huacha vitu: chupa ya mafuta ya jua iliyobaki kidogo, ndara, kofia ya ukindu, na vitabu. Kitabu ni kizito, ndege inapima mizigo, na riwaya iliyomalizwa kando ya bwawa haina kazi tena kwa mwenyewe. Hoteli ilivihifadhi vitu hivyo kwa muda, na visipodaiwa, aliyevikuta aliruhusiwa kuvichukua. Lakini hakuna kilichotoka bila pasi ya geti. Askari alipekua kila mfuko, kwa hiyo kila riwaya iliyofika kwetu ilikuja na karatasi yenye saini ya msimamizi wa vyumba, kwamba huyu katoka na kitabu kimoja kikuukuu, kwa ruhusa. Karatasi hizo nilizitumia kushikia ukurasa.

Vingi vilikuwa vya Kijerumani, vichache vya Kiitaliano. Hivyo nilivitazama majalada tu, nikabuni hadithi zangu. Vya Kiingereza nilivivamia na kamusi ya shule, mchanga ukidondoka katikati ya kurasa kila nilipokifungua kimoja. Wageni walipenda hadithi za mauaji, na aliyeongoza kwa kuachwa vyumbani alikuwa Agatha Christie. Nilimsoma kwa mshangao mkubwa. Watu hawa, ambao ufuoni huonekana hawana la kuwaudhi isipokuwa jua kali, kumbe kwao hutiliana sumu kwa sababu ya mirathi! Ndugu wanachukiana, shangazi tajiri anangojewa afe, mwanasheria anafungua wosia na chumba kizima kinanyamaza.

Hayo nilikuwa nayajua. Kwa kawaida ya zamani yetu sisi Wadigo, mali ya mwanamume humwendea mpwa wake, mtoto wa dada. Kwa sharia ya Kiislamu hugawanywa kwa wanawe na warithi wengine waliotajwa. Kati ya kawaida na sharia, ukoo mmoja waweza kuvutana miaka mingi juu ya minazi ya marehemu, na nilikwisha kuwaona watu wazima wakiacha kusalimiana kwa ajili hiyo. Sasa nikaona Waingereza wamevaa suti wanagombea shamba la babu. Tangu siku hizo mgeni akinielekezea kamera namtazama kwa namna nyingine. Nilikuwa nimeingia nyumbani kwake bila yeye kujua. Nilikwishamkuta akigombana na mkewe, nikajua ana madeni, na ya kuwa anaogopa kuzeeka.

Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza, na zote zilizofuata zinatoka humo. Kitabu kinakupa ruhusa ya kumtazama mtu kwa muda unaotaka, kwa karibu unavyotaka, bila adabu mbaya. Kwa mtoto wa kike ruhusa hiyo ni adimu. Sisi tulilelewa kuinamisha macho. Mwanamke wa pwani ya watalii anatazamwa na wageni, anatazamwa na majirani wanaochunga asizoeane na wageni, na nyumbani anatazamwa asije akachelewa. Kwenye kitabu macho yalikuwa yangu.

Mtu aliyenifundisha kwamba kusoma si lazima kuwe kimya alikuwa bibi yangu, mzaa mama, ambaye hesabu za serikali zilimwandika kuwa hajui kusoma. Yeye mwenyewe ndiye aliyejibu hivyo. Karani wa sensa alimuuliza, naye akasema hapana, kwa kuwa alielewa vizuri kwamba swali lilihusu herufi za shule. Herufi za chuoni alizijua toka utotoni. Alisoma msahafu, na alikuwa na daftari lenye kasida na beti za tenzi, Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu. Upande wa nyuma wa daftari hilohilo aliandika hesabu za makuti. Wanawake wa vijiji vyetu ndio wanaosuka makuti yanayoezeka hoteli za Diani, na mchuuzi akija na lori kuchukua mzigo, bibi alifungua daftari na kumsomea deni la mara iliyopita. Hakudhulumiwa kirahisi.

Pwani yetu ina bibi wengi wa namna hiyo, na wengi wamekufa wakihesabiwa wajinga. Mtoto aliyejua alifu na bee kabla ya kujua a na e hakuingia darasa la kwanza mikono mitupu. Alikwishafundishwa kukaa na maandishi, kuyarudia, kuyatoa kwa sauti sahihi mbele ya mtu anayesahihisha. Mimi kusoma kwangu kulianzia kwenye mkeka, na mpaka leo nikikutana na sentensi nzuri midomo huenda yenyewe.

Usiku, taa ya chemni ikiwa katikati yetu, bibi alisuka na mimi nilimsomea. Aliniita mke mwenza, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, na utani huo ulimpa haki ya kunikatiza.

“Mke mwenza, rudia hapo. Huyo ndugu yake kasema nini?”

Nilikuwa nikisoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Nikarudia.

“Basi huyo hana nia njema. Endelea, utaona.”

Akawa amepatia, kwa kuwa hadithi za namna ile alikwisha kuzisikia za kila aina. Nilipomwambia mtungaji alizaliwa 1909 Vibambani, karibu na Tanga, na kwamba alikuwa karani wa forodha wakati wa Mwingereza, aliacha kusuka. Tanga aliijua. Wadigo tuko pande zote mbili za mpaka. Watu huvuka Lunga Lunga kwenda kuzika na kuoza, na zamani walipanda jahazi Vanga. “Kumbe jirani,” akasema, kisha akaniamuru nisome taratibu zaidi, kwa heshima ya jirani.

Kumsomea mtu mwingine kulinionyesha jambo ambalo kusoma peke yangu kusingelionyesha. Nilipokuwa peke yangu niliruka maelezo nikakimbilia tukio. Bibi hakuruhusu kuruka. Alitaka kujua nyumba ilikuwaje, chakula kilikuwa nini, na mgeni alikaribishwa vipi, kwa sababu kwake mtu hajulikani mpaka ujue anavyomkaribisha mgeni. Nikaanza kuona kwamba mwandishi mzuri huficha tabia ya mtu katika vitu vidogo vile ambavyo mimi nilikuwa navipita. Walimu wa fasihi walikuja kuliita jambo hilo kwa majina mengi makubwa baadaye. Nilipoyasikia nilikuwa nimeshalijua kwa bibi.

Kisha ukaja mwaka 1997. Usiku wa tarehe 13 Agosti kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, bunduki zikachukuliwa. Ghasia zikaenea upande huu wa kivuko. Vibanda vya biashara vikachomwa na karatasi zikasambazwa zikiwataka watu wa bara warudi kwao. Zaidi ya watu 100 walikufa, na waliokimbia makazi walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Hata Msambweni, mbali na Likoni, wanaume hawakulala ndani. Waliogopa wavamizi, na waliogopa askari waliokuja kuwasaka wavamizi na ambao hawakuwa na subira ya kuchagua. Hoteli zikatoka watu. Baba alirudishwa nyumbani katika mwezi ambao kwa kawaida hapati hata siku ya mapumziko.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mtu wa bara. Alikuja kwetu jioni na katoni.

“Mzee wangu, naomba unitunzie hivi. Ukiona nachelewa, huyu binti avisome.”

“Vitakaa, mwalimu,” baba akamjibu. “Nenda kwa amani. Utavikuta.”

Aliondoka na mkoba mmoja, na hakurudi kufundisha shuleni kwetu. Baba aliilinda katoni ile muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, kisha akaona amana imeshageuka ruhusa, akanikatia kamba. Ndani mlikuwa na Walenisi ya Katama Mkangi, mtu wa pwani aliyewahi kuwekwa kizuizini katika utawala wa Moi. Mlikuwa pia na Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, bado mpya.

Siku Njema ni hadithi ya Kongowea Mswahili, kijana mzaliwa wa Tanga, anayevuka kuingia Kenya kumtafuta baba yake na kufika mpaka Kitale. Niliisoma nikiamini kabisa kwamba mwandishi ni mtu wa kwetu. Kiswahili chake kilinifanya nione aibu kwa changu. Baadaye ndipo nikajua kuwa Walibora, aliyefariki 2020, alikuwa mtu wa magharibi ya Kenya. Mtu wa bara alikuwa amemwazia mtoto wa Tanga maisha yake yote, uchungu wa mamake na njaa yake ya kumjua baba, na mwenyeji wa pwani nimesoma nikalia. Nami nimesoma hayo katika kitabu cha mwalimu aliyefukuzwa kwetu kwa karatasi iliyosema watu wa bara si wenzetu.

Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Walioandika karatasi zile na aliyeandika riwaya ile wote walitumia Kiswahili, na wote walikuwa wakisema habari ya mtu wa pwani na mtu wa bara. Wa kwanza walikuwa na sentensi chache, maana chuki haihitaji nyingi. Walibora alihitaji kitabu kizima kumfanya msomaji amhurumie mgeni wa mahali. Tangu hapo nikikutana na neno linalowafunga watu wote wa mahali fulani katika fungu moja, huwa natafuta maandishi marefu kuhusu watu hao hao kabla sijaamini. Hiyo ni sababu ya pili, na katika nchi inayopiga kura kila baada ya miaka mitano nadhani ndiyo yenye haraka kuliko zote.

Yaliyotokea kijijini kwetu mwaka ule nayo nilikuja kuyajua kwa kusoma. Nyumbani hayakuzungumzwa. Waliojua walinyamaza, na waliosema hawakujua. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza ghasia za kikabila nchini ikamaliza kazi 1999, na ripoti ikatolewa hadharani 2002. Nilipopata nakala nilisoma sura ya pwani kwa kituo, nikikutana na majina ya mahali ninapopita kila siku, na mambo yaliyofanyika hatua chache kutoka nyumbani kwetu. Si kila ushahidi ulionitosheleza. Lakini kabla ya hapo nilikuwa na hofu tu, hofu isiyo na tarehe wala sura. Baada ya kusoma nilikuwa na maswali, na swali mtu aweza kumpelekea mtu mwingine.

Nilipomaliza shule niliajiriwa mapokezi katika hoteli, mbali na ile ya baba. Wakati huo wageni wa Kijerumani walikuwa wakifika na kitabu kimoja mifukoni, Die weiße Massai cha Corinne Hofmann, mwanamke wa Uswisi. Kilichapishwa 1998, kikauzwa mamilioni, na filamu ikafuata 2005. Ni kumbukumbu zake mwenyewe. Alikuja pwani yetu kwa likizo miaka ya 1980, akamwona kijana wa Kisamburu, akampenda, akaacha biashara yake Ulaya akamfuata hadi Barsaloi kaskazini. Mwishoni walirudi pwani wakafungua duka la vinyago na shanga hapa Diani, na ndoa ilipovunjika akarudi kwao na binti yake, mwaka 1990.

Wageni waliniuliza duka lilikuwa wapi. Waliuliza kwa sauti ya watu wanaozuru kaburi la walii. Mimi sikuwa nimekisoma, nikawa naulizwa habari za kijiji changu na watu waliosoma kunihusu. Tafsiri ya Kiingereza ilipoachwa chumbani, nilipitisha pasi yangu getini nikaenda nayo.

Sikumchukia. Aliandika alichokiona na kilichomuumiza, na hakuna anayeweza kumnyang’anya mtu maumivu yake. Ila nilipomaliza nilifanya zoezi. Nilirudi nyuma nikiwatafuta watu wa Diani wenyewe, wenye nyumba nyuma ya mahoteli, wasuka makuti, walimu wa chuo, wanawake wanaokwenda Msambweni hospitali na wagonjwa wao. Kitabu kiko pwani yetu na sisi tumo kwa mbali mno. Mamilioni ya wasomaji wameijua Diani kwa macho hayo, na wakishuka ndegeni wanaitafuta Diani hiyo. Siwezi kumlaumu mwandishi kwa kuwa hakuniona. Lakini nilielewa waziwazi kwamba mahali hukumbukwa kwa namna alivyopaona aliyeandika, na kwamba mwenyeji asiyesoma hawezi hata kujua ameandikwaje, achilia mbali kujibu.

Leo nina duka la saiba hapa Ukunda. Natoa nakala, nachapa barua, nawajazia watu fomu za eCitizen na KRA, na wakati wa basari duka hufurika wazazi wenye fomu za kaunti. Nilidhani nimefungua biashara ya mashine. Kumbe nimefungua biashara ya kusoma. Mzee huja na karatasi imekunjwa mara nyingi, anaiweka mezani na kusema, “Binti yangu, nitolee nakala,” kisha nikishaitoa haondoki. Anangoja. Najua anachongoja, kwa hiyo nasema, “Baba, nikusomee?” naye huvuta kiti kana kwamba wazo lilikuwa langu.

Karatasi hizo nyingi ni za ardhi. Mtu asiyeifahamu Kwale hawezi kujua karatasi imetufanya nini. Mwaka 1908 serikali ya Mwingereza ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa pwani. Kila anayedai shamba ajitokeze alidai rasmi na athibitishe, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji. Mijikenda, sisi Wadigo tukiwamo, walikuwa na mashamba, makaburi na kaya za wazee. Mipaka ilikuwa vichwani mwa watu na kwenye miti, ukimuuliza mzee anakuonyesha. Hawakuwa na la kuwasilisha mezani. Watu wakalala wenyeji, wakaamka maskwota, na zaidi ya miaka 100 baadaye bado wajukuu zao wanakuja dukani kwangu na barua wasizozielewa.

Karatasi hazijaisha, zimebadilika vichwa tu. Uchimbaji wa titani huku kwetu ulianza 2013 ukakoma mwishoni mwa 2024, na kila hatua ilikuja na ripoti nene za Kiingereza ambazo wananchi waliombwa maoni yao juu yake. Gazi wanahifadhi mikoko na kuuza hewa ya ukaa chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, jambo jema lenye mikataba yake. Mzee akiniletea kurasa za aina hii simfasiri neno kwa neno. Nasoma kwanza mpaka mwisho, kisha nakwenda mahali penye miaka, penye pesa na penye adhabu. Mazoea hayo sikuyapata katika kozi yoyote. Niliyapata kwa Agatha Christie, ambaye kila mara huficha jambo lenyewe katika sentensi ya kawaida kuliko zote, na kwa bibi, aliyekataza kuruka.

Hapo ndipo ninapogombana kwa upole na wanaosema riwaya ni za kupoteza wakati, na kwamba mtu maskini asome mambo ya maana. Aliyezoea kusoma mambo ya maana tu huchoka ukurasa wa pili. Aliyesoma hadithi ndefu kwa sababu alitaka kujua mwisho, macho yake yana pumzi. Ataimaliza mikataba kwa sababu amezoea kumaliza. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa kwa kijikaratasi cha siasa alichokitoa 1968, na akiwa gerezani aliandika mashairi kwenye karatasi ya choo. Yalichapishwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Walinzi waliompekua wangeweza kuelewa wino na karatasi. Kwa nini mfungwa ahatarishe ngozi yake kwa ajili ya vina na mizani, hilo hulielewa mtu ambaye amewahi kusoma bila mtihani.

Maktaba ya umma iko Kwale mjini, juu kilimani. Kutoka Msambweni inabidi ubadilishe gari Kombani, na nauli ya kwenda na kurudi ni unga wa siku. Kwa hiyo nimeweka rafu dukani. Kuna vitabu vya wageni, kuna vya katoni ya mwalimu, na kuna vilivyonunuliwa kwa wanafunzi waliokuwa wakitafuta mtu wa kuwauzia. Anayengoja nakala anaruhusiwa kusoma, anayetaka kwenda nacho anaandika jina. Hasara ipo, vingine havirudi. Kinachoazimwa zaidi sasa ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza 1994 na kufasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobel. Ni habari ya Yusuf, mtoto anayechukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la babake, katika pwani hii ya zamani. Msichana wa kidato cha tatu alikirudisha akaniuliza kwa hasira kwa nini mambo ya kwetu yalikaa miaka yote hiyo kwa Kiingereza. Nikamwambia swali hilo ni zuri, aliandike. Akacheka, lakini aliomba karatasi.

Wanaoniuliza kama nina mtihani sitawajibu tena kwa neno moja. Nitawaambia tumetazamwa muda mrefu, na watu wengi wamekwenda kwao wakasema wametujua. Mimi nataka mtoto wa Msambweni amjue Mjerumani kama Mjerumani anavyodhani anamjua yeye, amjue mtu wa Kitale na wa Unguja, ajue barua ya ardhi inasema nini kabla ya kutia kidole. Na mzazi anayeniambia hana fedha za vitabu, namwomba jambo moja lisilogharimu. Mtoto akimaliza kidato cha nne, ile riwaya msiiuze wiki hiyo. Mwambieni awasomee nyote kwa sauti, tangu ukurasa wa kwanza, wala asiruke.